Karatasi ya Arobaini na Moja

Maktaba ya chuo ilipotangaza kwamba inagawa bure vitabu vyake vilivyochakaa, ukumbi ulijaa saa mbili asubuhi utadhani wanagawa viwanja. Watu ambao hawajawahi kusoma hata karatasi ya maelezo ya dawa ya kikohozi walikuja na magunia. Mama mmoja alijitwika juzuu kumi na mbili za sheria za kodi, akasema ndizo hasa zitakazomtosha kuinulia kitanda. Na katikati ya msukumano huo, kando ya meza ya tatu, mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti, amefumba macho, ameingiza pua yote ndani ya kitabu, ananusa.

Huyo aliitwa Gundi. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, halina kazi nyingine. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, kazi aliyorithi kwa baba yake pamoja na sindano mbili zilizopinda na gundi ya kupika mwenyewe. Gundi hiyo ilikuwa kali. Inasemekana nzi aliyetua juu yake Jumatatu, Ijumaa alikuwa bado yuko palepale, ila kwa wakati huo ameshazoea. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na minne, mikono mikubwa, shati la bluu lililofuliwa hadi likafanana na mawingu, na vidole kumi ambavyo havikuwahi kuwa safi vyote kwa siku moja.

Alifumbua macho alipohisi kitabu kinavutwa.

"Samahani kaka, ukimaliza kukila, mimi nakihitaji nikisome."

Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la njano lenye mifuko mikubwa miwili, na kila mfuko umebeba kitabu. Miwani yake ilikuwa ya mviringo, mikubwa, na nywele zake alizikusanya utosini akazichoma kalamu nyekundu zisianguke.

"Sikili dada, nanusa gundi. Hiki ni cha miaka ya ishirini, karne iliyopita."

Mwanamke akafungua ukurasa wa mwanzo. "Elfu moja mia tisa ishirini na sita. Umejuaje bila kutazama?"

"Si nimekwambia nimenusa? Wewe unakitakia nini?"

"Maneno. Wewe je?"

"Ngozi."

"Ngozi!"

"Jalada lake. Kule dukani nina kitabu kingine mgonjwa mahututi, kimelala hakina nguo. Nikimvua huyu, nitamvisha yule."

"Umvue? Mchana kweupe, mbele za watu?"

Gundi alicheka hadi msimamizi wa maktaba akageuka. Wakabishana, kila mmoja ameshika upande wake, mpaka wakafikia mapatano: yeye achukue jalada, mwanamke achukue kurasa. Gundi akatoa kisu chake kidogo, akatenganisha nyama na ngozi palepale, kila mtu akaenda zake.

Mwanamke hakufika mbali. Upepo ulimkuta uwanjani na rundo la kurasa zisizo na mwenyewe wa kuzishika, na kwa dakika tano chuo kizima kilikuwa kinasoma fasihi bila kupenda. Ukurasa wa sabini na moja ulikutwa umekaa vizuri juu ya kofia ya askari wa getini. Gundi alizikimbiza zote, akazipanga, akaziweka chini ya kwapa.

"Njoo Alhamisi," alisema akihema. "Nitakishona upya."

"Nikuulizie nani?"

"Ulizia Gundi. Na wewe nikuite nani?"

"Wanafunzi wananiita Mwalimu. Na mengine, nikiwa sipo."

*

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana na kibao kilichosema TUNACHAPA, TUNAJALIDI. Upande wa kuchapa ulikuwa wa dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno machache mdomoni na mengi vidoleni. Alichapa barua, maombi ya kazi na insha za nusu ya chuo, kwa kasi ambayo kompyuta ililazimika kupumzishwa mchana kama punda. Upande wa kujalidi ulikuwa na meza ndefu, nyuzi, brashi, na shinikizo, ile mashine nzito ya chuma ya kukandamizia vitabu vikikauka.

Mwalimu alikuja Alhamisi, akaja na iliyofuata, na ya tatu hakuwa na kitabu chochote cha kushona, akasema alikuwa anapita tu. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mji.

"Hasa unafundisha nini?" Gundi alimwuliza siku hiyo, brashi mkononi.

"Fasihi ya Kiingereza. Kipande cha katikati ambacho wenzangu wote wamekikimbia. Upande huu kuna usasa, upande ule kuna usasaleo. Mimi nimepewa daraja."

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba."

"Mtu huyo ni nani?"

"Yupo hapa, anakoroga gundi."

Mwalimu hakumwonea huruma wala hakujifanya hakusikia. Alivuta kigoda. "Sikiliza. Baada ya vita vya kwanza, waandishi wa Uingereza waliona dunia imevunjika vipande, wakaona ni uongo kuandika hadithi iliyonyooka. Wakaacha kuuliza mtu amefanya nini, wakauliza anawaza nini wakati anafanya. Huo ndio usasa. Mtu anavuka barabara tu, basi, kurasa thelathini tumo kichwani mwake, na nukta hakuna."

"Kurasa thelathini anavuka barabara? Si angegongwa!"

"Wengine waligongwa. Baadaye sana wakaja wa usasaleo, waliochoka hata na hilo, wakaanza kuichezea hadithi yenyewe. Mwandishi anachungulia katikati ya sura anakwambia, haya yote nimeyatunga. Anakupa miisho miwili, uchague. Wapo waliodiriki kutoa riwaya ndani ya sanduku, kurasa hazikujalidiwa, uzipange utakavyo."

Gundi aliweka brashi chini. "Hazikujalidiwa?"

"Hazikujalidiwa."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi kabisa."

"Huyo aligombana na fundi wake. Mwalimu, hiyo siyo fasihi, hayo ni mambo ya watu wawili wasiosalimiana."

Mwalimu alicheka, miwani ikateleza hadi ncha ya pua. Akairudisha machoni. "Tatizo langu ni hapo katikati. Wanafunzi wanadhani waandishi waliamka asubuhi moja wakiwa wamebadilika. Sipati namna ya kuwaonyesha kilichowabadilisha."

Gundi akanawa mikono, jambo lililomfanya hata dada yake ageuke, maana halikuwa la kawaida. Akateremsha vitabu vinne vya Kiingereza kutoka rafu ya wagonjwa, akavipanga mezani.

"Usisome. Shika tu."

Cha kwanza kilikuwa kizito, karatasi nene kama kitambaa, pambizo pana, kimeshonwa kwa uzi. "Hiki kilitengenezewa watu wachache wenye viti vizuri," alisema Gundi. "Shika cha pili."

"Kidogo hiki. Jalada la karatasi. Miaka ya thelathini." Mwalimu alianza kusema polepole, kana kwamba anajisikiliza. "Viwanda vimefungwa, watu wako foleni wanatafuta kazi. Waandishi wakatoka vichwani mwao, wakachungulia dirishani."

"Na mtu aliye foleni hawezi kushika kitabu cha kilo mbili. Hiki kinaingia mfuko wa koti. Haya, cha tatu."

Cha tatu kilikuwa chembamba, karatasi ya manjano inayokatika kwa kuitazama, maneno yamebanana hadi ukingoni. "Vita vya pili," alisema Mwalimu. "Karatasi iligawiwa kwa kipimo."

"Kwa hiyo wakaandika mambo mafupi?"

"Mengi mafupi. Mabomu yanaanguka, watu wanapendana haraka haraka kwa sababu kesho haijulikani."

"Na hiki cha nne kimesomwa na watu mia, mpaka uti wa mgongo umekatika. Kina mhuri wa maktaba ya mtaa."

"Baada ya vita! Watoto wa wachimba makaa wamesomeshwa na serikali, wamefika mezani wamekuta viti vimeisha, wana hasira. Na wengine wameshuka melini kutoka makoloni, wameandika vyumba vya kupanga vyenye baridi, na mama mwenye nyumba anayesema chumba kimeshachukuliwa, kumbe kiko wazi." Alivishika vyote vinne kifuani. "Fundi, umenipa muhula mzima kwa dakika kumi."

Akaweka mkono wake juu ya wa Gundi.

"Ondoa mkono, Mwalimu. Pale nimegusa bakuli la gundi tena. Utaganda."

"Na nikiganda?"

Kule pembeni, kompyuta ikanyamaza.

"Ukiganda," alisema dada yake bila kugeuka, "maji ya moto yapo."

*

Wakaingia katika miezi ya simu. Asubuhi simu, mchana simu, na katikati ya hizo simu za kuuliza kwa nini hukupiga simu.

"Halo, fundi wangu."

"Halo, kipenzi. Umekula?"

"Nimekula insha kumi na nane. Kuna mmoja ameandika kwamba vita vya pili vilisababishwa na upungufu wa karatasi."

"Huyo mwache, huyo ni mwanafunzi wangu."

"Shangazi anauliza kwa nini nacheka peke yangu."

"Mwambie unasoma."

"Nimemwambia. Anasema kitabu hicho kina sauti nzito."

Mwalimu alikuwa anaishi na shangazi yake, na huyo shangazi alikuwa na masikio ya kusikia chumvi ikiyeyuka. Gundi hakuwa amemwona bado. Kila akialikwa alipata kisingizio, maana moyoni alikuwa na jambo moja lililomkaba kama kola iliyobana: Mwalimu amesoma mpaka vitabu vimeanza kumwogopa, yeye ameishia darasa la saba. Alitaka kumwoa. Alilitaka jambo hilo kwa namna ambayo gundi yake yote isingetosha kulishikisha kichwani, lilikuwa linamwagika tu.

"Dada," alisema siku moja, "nataka kumwoa Mwalimu."

"Mtaa mzima unajua. Aliyebaki kuambiwa ni Mwalimu."

"Nitamwambiaje mimi? Mtu wa vile?"

"Mwambie, nakupenda, nataka kukuoa. Maneno matatu. Nakuchapia sasa hivi."

"Hayo ataambiwa na kila mtu. Nataka nimwandikie kama wale waandishi wake."

Hapo ndipo msiba ulipoanza kuvaa viatu.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake mmoja. Tangu siku ya upepo, hakuamini tena karatasi isiyoshonwa. Kila insha za darasa zilipokusanywa, alimpelekea Gundi, Gundi akazishona zote arobaini kuwa kitabu kimoja. Mwalimu akakisahihisha kama anavyosoma riwaya, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akakirudisha kifumuliwe, kila mwanafunzi apewe yake. Insha zote zilichapwa, nyingi na dada yake Gundi, na hazikuwa na majina. Kila moja ilikuwa na namba tu, ili Mwalimu asimpendelee mtu.

Gundi alikaa wiki tatu na kamusi. Aliandika kwa Kiingereza, kurasa nne, nukta hakuna hata ya bahati mbaya. Ilikuwa habari ya fundi saa mmoja mwenye kipara, na yote yanayopita kichwani mwake tangu anapofungua duka Alhamisi hadi mwanamke fulani anapobisha hodi. Vumbi juani, sauti ya viatu vya watu wasio yeye, saa thelathini ukutani zinazosema saa thelathini tofauti. Mwisho kabisa fundi saa anauliza, utakubali nikuoe?

Dada yake akaichapa. "Weka jina."

"Waandishi wake hawaelezi kila kitu."

"Wewe, weka jina."

"Atajua tu, Dada. Moyo unajua."

"Moyo haujui kusoma," alisema dada yake, lakini akachapa kama alivyoambiwa. Jumatatu Gundi akaishona barua ile katikati ya zile insha, baada ya insha ya ishirini. Aliyaona yote akilini: Mwalimu anafunua, anafika katikati, anashika mdomo, anapiga simu huku akilia machozi mazuri.

Jumanne Mwalimu alikuja mbio, kitambaa cha kichwani upande, akachukua kitabu akaondoka. Jumatano kimya. Alhamisi hakuja, ila simu ililia.

"Nisamehe mpenzi, leo sitoki. Jumatatu idara inataka alama zote. Nakimbia kama nimekanyaga kaa la moto."

Gundi alishika simu kwa mikono miwili. "Umeshafika katikati?"

"Nimeshapita."

"Na hapo katikati... umeonaje?"

"Ah, hapo katikati usiniulize! Kuna vituko! Nitakusimulia nikipata pumzi. Kwaheri, mpenzi, Shangazi ananiita."

Vituko. Gundi alikaa na neno hilo mdomoni mchana mzima kama mtu aliyetafuna ganda la yai. Ijumaa alikwenda kununua makaratasi magumu ya majalada, na aliporudi akakuta kitabu kile mezani. Mwalimu alikipitisha mbio, alisema dada yake, hata kukaa hakukaa. Gundi akakata uzi, akafunua katikati.

Wino mwekundu ulikuwa kila mahali. Ukurasa wa kwanza: *Nani anaongea hapa? Nukta ziko wapi?* Ukurasa wa pili: *Hoja?* Wa tatu: *Umetoka nje ya swali.* Na chini kabisa, penye swali la fundi saa, kwa ule mwandiko wa kulala aliokuwa akiupenda: *Hisia zimezidi. Mwisho unatabirika tangu mstari wa kwanza. Jaribu tena ukiwa umejiandaa.* Kando yake, ndani ya duara: tisa kwa ishirini.

Maskini, hakujua kwamba Mwalimu hajui. Yeye aliona jibu. Aliona mtu wa darasa la saba ameomba mkono wa mhadhiri, naye mhadhiri ameupima akaurudisha na alama.

"Dada," alisema, "nimefeli."

Dada yake alisoma, akaizima kompyuta yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kuchapa.

*

Simu za wiki iliyofuata zilikuwa nyingine.

"Halo, fundi wangu."

"Habari za kazi, Mheshimiwa Mhadhiri."

"Mheshimiwa nani? Leo umeamkia wapi?"

"Insha zako arobaini ziko tayari. Nimezituma chuoni kwa tarishi."

"Fundi, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Wewe ni mtu wa kusahihisha, umesahihisha."

Mwalimu alidhani ni hasira za Alhamisi moja aliyokosa kuja. Akapiga tena kesho yake, na kesho yake, akajibiwa kwa adabu ileile inayokwaruza. Mara ya mwisho sauti yake haikuwa na kicheko kabisa.

"Kuna chuo kimeniandikia. Mji mwingine, safari ya siku nzima. Wananitaka nikafundishe hicho kipande changu cha katikati, wamesikia jinsi ninavyofundisha kwa vile vitabu vinne. Wanataka jibu wiki ijayo. Nilikuwa nataka kukuuliza wewe unasemaje."

Gundi alitazama ukuta.

"Nenda," alisema.

"Nenda, basi?"

"Nenda, Mwalimu. Kuna watu wanaokustahili huko."

Simu ikakatwa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga tena.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa alasiri, mlango ulifunguliwa kwa nguvu hata kengele yake ikaanguka. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyonyooshwa kwa hasira, hana kitambaa, hana tabasamu, karatasi mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kikazi." Akamgeukia Gundi. "Idara imenirudishia orodha yangu. Wanafunzi ni arobaini, alama ni arobaini na moja. Nimehesabu mpaka vidole vya miguu. Kuna karatasi niliisahihisha ambayo haina namba, na haimo katika zile ulizonitumia. Vijana watatu wameshadai kwamba ni yao, na hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia ilihusu nini. Wewe ndiye uliyezishona, wewe ndiye uliyezifumua. Imepotea mikononi mwako."

"Haikupotea," alisema Gundi, macho mezani. "Ilifeli."

"Nini?"

"Jamani, mimi nilisema aweke jina!" Dada yake alilipuka, akasukuma kiti nyuma. "Nilisema! Weka jina, nikasema! Yeye ananiambia moyo unajua! Moyo!"

Mwalimu aliwatazama wote wawili. "Jina la nani?"

Gundi akalizungusha gurudumu la shinikizo, chuma kikainuka, akatoa karatasi nne zilizokuwa zimelala pale chini siku kumi na tatu. Alizikunja na kuzikunjua mara nyingi kiasi kwamba asingezibana zingekwisha. Akampa.

Mwalimu alisoma amesimama. Ukurasa wa pili akakaa, si kwenye kiti, juu ya rundo la vitabu vya mtu. Wa nne alipoumaliza, miwani ilikuwa imepata ukungu.

"Fundi saa," alisema.

"Ndiyo."

"Fundi saa ni wewe."

"Nilijificha kidogo."

"Kidogo! Umejinyoa kipara!"

"Si waandishi wako hawaelezi kila kitu?"

"Na mimi nikasahihisha..." Alikishika kichwa. "Mama yangu wee. Nimesahihisha posa!" Kicheko kikamtoka, na machozi yakaja humohumo, vyote vikagombea njia moja. "Siku ile nilikuwa na insha ishirini mezani. Nilifika kwenye hii nikasema, mtoto wa watu huyu, ameulizwa jinsi vita na shida vilivyobadilisha riwaya, yeye ananieleza habari za Alhamisi. Nikampa tisa. Halafu Shangazi akanikuta nimeacha kalamu, nimeshika tama. Akaniuliza, kulikoni? Nikamwambia, kuna mwanafunzi hajajibu swali, lakini huyo anayempenda ana bahati yake duniani. Nilimwonea wivu, Fundi. Yule mwanamke anayebisha hodi. Nilikaa pale namwonea wivu."

Gundi alihisi ile kola iliyokuwa ikimkaba miezi yote inalegea, kifungo baada ya kifungo.

"Basi nipandishie alama."

"Thubutu! Kama insha ni tisa, na hapo nilikuonea huruma. Hoja hakuna hata moja."

"Na kama barua?"

Mwalimu alisimama, akamsogelea, suti ya kijivu ikagusa aproni yenye gundi ya miaka kumi. "Ukiniuliza kwa mdomo, mimi nitakujibu kwa mdomo. Sina fundi saa hapa. Nani anaongea?"

"Mimi," alisema Gundi. "Mimi wa darasa la saba. Nakupenda. Nataka kukuoa. Utakubali?"

"Nitakubali. Nilikwishakubali zamani, nilikuwa nasubiri uulize."

Dada yake alipiga kigelegele cha kufungua madirisha ya jirani. Mwalimu akapiga simu kwa Shangazi, akaweka sauti juu.

"Shangazi, nimepata mchumba."

"Nani? Yule mwenye sauti nzito?"

"Huyohuyo."

"Mlete Jumamosi. Na asije na maneno ya vitabuni, nataka anijibu ninachomuuliza. Yupo hapo?"

"Nipo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umenichelewesha sana, baba, mimi nilishanunua kitambaa." Akakata.

Mambo yalipotulia, Mwalimu alirudi kukaa juu ya lile rundo, akachezea ukingo wa orodha yake.

"Kuna jambo moja. Kile chuo cha mbali. Uliniambia nenda. Jana niliwaandikia kwamba nakwenda."

Dada yake akageukia kompyuta, akaanza kuchapa kitu ambacho hakikuwepo. Gundi alikuna kidevu, akaacha gundi pale.

"Huko kuna maktaba?"

"Ipo, kubwa. Paa linavuja. Wanasema vitabu elfu sita majalada yamebanduka, na fundi hawana."

"Elfu sita?"

"Elfu sita na kitu."

Gundi alichukua kamba yake ya kupimia, akapima shinikizo upana, akaenda akapima mlango. Akarudi akapima shinikizo tena, kwa kuliombea lipungue.

"Halipiti," alisema dada yake. "Baba alilileta kwanza hapa uwanjani, ndipo akawaita mafundi wakajenga chumba kulizunguka. Hujui?"

Gundi aliutazama ule ukuta wa barabarani, kibao na kila kitu, jinsi mtu anavyomtazama mzee atakayemwomba ruhusa. Kisha akamtazama Mwalimu, aliyekuwa ameshavua koti la suti na kukunja mikono ya blauzi.

"Dada," alisema, "yule fundi mwashi wa mtaa wa pili, namba yake bado unayo?"